Nani kaufungua mzigo? Tathmini ya plagini za QGIS, kutokea Goweko

Ukiwa mwanafunzi wa jiografia, misitu, ardhi au akiolojia hapa Tanzania, kuna siku utaiweka QGIS kwenye kompyuta yako. Huna namna. Programu kubwa za ramani za kibiashara zinataka pesa ambayo mwanafunzi hana, na QGIS ni ya bure, ni huria, na inafanya kazi vizuri. Ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, leo inatunzwa na jumuiya ya watu kutoka nchi nyingi, na leseni yake ya GPL inakuruhusu kuitumia, kuichungulia ndani, kuibadilisha na kumgawia mwenzako.

Lakini muulize mtu anayeipenda QGIS kwa nini anaipenda, na mara nyingi atakutajia plagini. Programu-jalizi, au plagini kama tunavyozoea kusema, ni kipande cha programu kilichoandikwa na mtu wa nje, ambacho unakichomeka ndani ya programu kubwa ili kuiongezea uwezo. Kuna plagini ya kuleta picha za setilaiti chini ya ramani yako, ya kuainisha uoto, ya kuchora mikondo ya mito, ya kusafisha data za GPS. Ghala rasmi la QGIS lina zaidi ya plagini elfu moja. Unafungua orodha, unatafuta jina, unabonyeza, na baada ya sekunde chache imeingia. Hakuna aliyekuuliza kama unamjua aliyeiandika.

Tathmini hii ni ya ghala hilo, na pia ya sisi tunaochota humo. Hoja yangu ni moja: uhuria wa programu unatupa haki ya kufungua mzigo na kuona kilichomo, ila haki hiyo peke yake haijakagua chochote. Mpaka mtu aufungue kweli, au apime kinachotoka, tunachokiita imani ni mazoea tu.

Mita 300 za Goweko

Nitatumia mfano wa mahali ninapofanyia utafiti. Goweko iko wilaya ya Uyui, mkoa wa Tabora, kwenye reli ya kati, mashariki ya Igalula ukiwa unatokea Manyoni. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo, kwa miongo mingi ya karne ya 19, ukanda huu ulipitiwa na misafara kati ya Bagamoyo na Unyanyembe, yaani eneo la Tabora ya leo, na mingine ikiendelea hadi Ujiji. Majina kama Tura na Kigwa, ambayo wasafiri wa wakati huo waliyaandika kwenye shajara zao, bado yapo Uyui. Kazi yetu ni kuoanisha vitu vitatu: maelezo ya wasafiri, ramani za zamani na picha za setilaiti za sasa, ili kukisia njia ilipita wapi, kambi zilikuwa wapi, na msitu wa miombo umebadilikaje kadiri mashamba ya tumbaku yalivyoongezeka.

Hapo ndipo suala la plagini linapoacha kuwa la nadharia. Ramani za topografia za Tanzania za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa datamu ya Arc 1960. GPS ya simu yako inatumia WGS84. Datamu ni makubaliano: tunaihesabu dunia kuwa na umbo gani, na vipimo vinaanzia wapi. Ukichukua kodineti za Arc 1960 ukazisoma kana kwamba ni za WGS84, kwenye ukanda wetu, ule ambao wapima ardhi wanauita UTM 36 kusini, kila kitu kinahama takribani mita 300. Na ramani haitakwambia. Mistari imenyooka, rangi zimekaa vizuri, jedwali lipo, ila kila kitu kimesogea.

Mita 300 ni nini? Kwenye ramani ya Afrika si kitu. Goweko, inaweza kuwa tofauti kati ya shamba lililo ndani ya kijiji na shamba lililo ndani ya hifadhi ya msitu. Inaweza kuwa tofauti kati ya mizinga ya nyuki ya mzee mmoja na ya jirani yake. Tena ramani za wanafunzi hazibaki kwenye tasnifu. Zinaombwa na ofisi ya kijiji, zinaingia kwenye vikao vya mpango wa matumizi ya ardhi, zinawekwa mezani watu wanapozungumzia hatimiliki za kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Plagini inayobadilisha datamu vibaya haihitaji nia mbaya ili kumwumiza mtu. Inatosha mwandishi wake awe anaishi nchi ambayo Arc 1960 haijawahi kumhusu.

Kuna hatari ya pili, nayo ni siri kutoka nje. Huku bara, habari za "mali za Mjerumani" hazijaisha. Watu wanachimba kwenye magofu na majengo ya zamani wakiamini kuna rupia na dhahabu zilizofukiwa. Faili lenye kodineti sahihi za kambi za kale ni mwaliko kwa mwenye sururu. Vilevile faili la kaya zilizohojiwa, lenye majina ya watu na mahali wanapoishi, ni taarifa binafsi kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo swali la plagini inatuma nini, na inatuma wapi, si la wapenda kompyuta peke yao.

Ghala linachofanya vizuri

Tuwape kwanza haki yao. Ghala rasmi la QGIS si gulio ambalo kila mtu anatandika bidhaa anavyotaka. Plagini lazima iwe na leseni inayopatana na GPL, kwa hiyo msimbo wake unaonekana. Imeandikwa kwa Python, lugha ambayo hata mtu ambaye si mtaalamu anaweza kuisoma kwa kubahatisha na kuelewa kidogo. Haitakiwi kubeba mafaili yaliyokwisha kusagwa kuwa lugha ya mashine, ambayo jicho la binadamu haliyawezi. Kila plagini inakuja na faili dogo la maelezo linalotaja mwandishi, toleo, mahali msimbo ulipohifadhiwa na mahali pa kuripoti hitilafu. Mwandishi mgeni hajipitishi mwenyewe. Kuna watu wanaokitazama kitu chake kwanza. Plagini za majaribio zimefichwa mpaka wewe mwenyewe uweke alama kwamba unataka kuziona. Na ukiingiza plagini kwa faili la ZIP kutoka nje ya ghala, unapewa onyo kwamba chanzo usichokiamini kinaweza kuidhuru kompyuta yako.

Haya si madogo, hasa ukikumbuka kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na watu wanaojitolea. Na faida tumeiona hapa hapa nyumbani. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 kuchora mitaa inayofurika, uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wakazi wa mitaa yenyewe. Ulitumia QGIS na plagini ya InaSAFE, ambayo ilizaliwa Indonesia kwa ajili ya kukadiria athari za majanga. Plagini iliyoandikwa kwa mafuriko ya Jakarta ikawafaa watu wa Tandale. Bila mlango wa watu wa nje, hilo lisingetokea.

Halafu linganisha na zile flashi zinazozunguka hosteli, zenye programu za kibiashara zilizovunjwa leseni. Humo hakuna mwandishi, hakuna msimbo, hakuna pa kulalamika. Mtu anayekwambia programu huria ni hatari kwa sababu "kila mtu anaweza kuibadilisha" hajajiuliza nani kaibadilisha ile ya kwake.

Mlango una mlinzi, nyumba haina vyumba

Sasa lawama. Ya kwanza ni ya muundo wenyewe. Plagini ikishaingia, inatembea na mamlaka yako yote. Simu ya Android hukuuliza: programu hii inataka kamera, uiruhusu? QGIS haiulizi. Plagini iliyokusudiwa kubadili rangi za ramani ina uwezo uleule wa kusoma folda ya tasnifu yako, kufungua mtandao au kufuta mafaili. Sisemi zinafanya hivyo. Nasema hakuna kinachozizuia, na kwenye orodha hakuna mahali pa kuona kwamba hii inatumia mtandao na ile haitumii.

Watetezi watasema jambo hili ni gumu kiufundi, kwamba Python inayoendeshwa ndani ya programu moja haigawanyiki vyumba kirahisi. Ni kweli, nawapa hiyo. Lakini kati ya kujenga kuta na kukaa kimya kuna nafasi kubwa. Faili la maelezo lingeweza kumlazimisha mwandishi atangaze mambo matatu: kama plagini inatuma data nje, inaituma kwenye seva ipi, na inaandika mafaili wapi. Ndiyo, mtu anaweza kudanganya. Ila akidanganya kwa maandishi, mkaguzi ana kitu cha kulinganisha na msimbo. Sasa hivi hana.

Chukua plagini za kuleta picha za chini ya ramani. Zinafanya kazi yake kwa uaminifu kabisa. Lakini kila unaposogeza ramani, plagini inaomba vipande vya picha vya eneo unalolitazama, na mwenye seva anaona ni vipande vipi vimeombwa na kutoka anwani ipi ya mtandao. Ukikaa saa nzima umeng'ang'ania bonde moja, ana uwezo wa kujua ni bonde lipi. Hakuna kosa hapo. Ndivyo ramani za mtandaoni zinavyofanya kazi. Ila mtafiti anayetunza siri ya mahali alistahili kuambiwa mapema, si kuja kugundua kwa kusoma msimbo.

Nyota si ukaguzi

Lawama ya pili ni kile tunachoonyeshwa. Orodha inakupa nyota na idadi ya mara plagini ilivyopakuliwa. Vyote viwili vinapima umaarufu. Plagini inaweza kupakuliwa mara laki tano na asiwepo hata mmoja aliyefungua msimbo wake, kwa sababu kila mmoja amedhani mwenzake amefungua. Sisi wenyewe tunafanya hivyo maabara: "Weka hii, wote tunaitumia." Basi, imekwisha.

Yaliyowapata watumiaji wa WordPress, programu huria ya kuendeshea tovuti, yanatosha kuwa onyo. Kulikuwa na plagini iitwayo Display Widgets, iliyowekwa kwenye tovuti kama 200,000. Mwaka 2017 mwandishi wake akaiuza. Mmiliki mpya akaanza kutoa matoleo yenye msimbo wa kuchapisha matangazo taka kwenye tovuti za watu, na kwa ujanja, mwenye tovuti akiwa ameingia kwenye akaunti yake hakuyaona. Ghala la WordPress likaiondoa, ikarudi, ikaondolewa tena, mpaka ilipofungiwa moja kwa moja Septemba 2017. Nyota zote zile zilikuwa zimetolewa kwa kazi ya mtu wa kwanza. Na msimbo ulikuwa wazi muda wote.

Tatizo lililojificha hapo ni hili: sisi tunamwamini mtu, lakini kinachobaki kwenye kompyuta ni jina la plagini, na jina linauzika. QGIS haijajikinga vya kutosha dhidi ya hilo. Mwandishi akishapewa hadhi ya kuaminiwa, matoleo yake yanayofuata yanapita bila kusubiri mtu. Kwenye kidirisha cha plagini kuna kitufe cha kusasisha zote kwa mpigo mmoja. Utaona orodha ya mabadiliko kama mwandishi ameamua kuiandika. Hutaona tangazo kwamba plagini imebadilisha mikono. Kwangu mimi, kati ya yote, hiyo ndiyo habari ambayo mtumiaji anaihitaji zaidi, na ndiyo rahisi zaidi kuiweka.

Mpagazi aliyeajiri wapagazi

Lawama ya tatu inahusu mizigo iliyo ndani ya mizigo. Semi-Automatic Classification Plugin ya Luca Congedo ni moja ya plagini bora nilizowahi kutumia. Imewawezesha wanafunzi wasio na bajeti kuchukua picha za setilaiti na kuzigawa: huu msitu, hili shamba, haya maji. Ina mwongozo mnene na mafunzo ya hatua kwa hatua. Toleo lake la 8 linategemea kifurushi kingine cha Python, Remotior Sensus, alichokiandika mwenyewe, nacho kinategemea maktaba nyingine za hesabu. Hakuna hila yoyote. Ndivyo programu zinavyojengwa siku hizi. Lakini mlinzi wa ghala la QGIS ameitazama plagini. Vifurushi vinavyotoka kwingine havikupita mlangoni kwake.

Anayesoma historia ya njia ya Tabora atalitambua jambo hili haraka. Wanyamwezi walijulikana kama wapagazi hodari, na mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi: vitambaa, shanga na waya kuja bara, pembe za ndovu kwenda pwani. Njia hiyohiyo ilibeba pia watu waliotekwa, kwa hiyo sina nia ya kuipamba. Ninachokitazama ni mpangilio wa kazi. Tajiri wa Zanzibar aliyekopesha bidhaa hakumjua kila mpagazi. Alimjua mfanyabiashara, mfanyabiashara aliwajua wanyampara wake, na wanyampara waliwajua watu wao. Imani ilipita kwa watu wenye majina, na kila mzigo ulikuwa na mtu wa kuulizwa.

Kwenye plagini, hatua za mwanzo zina majina, halafu giza. Faili la maelezo la QGIS lina sehemu ya kutaja plagini nyingine zinazohitajika. Vifurushi vya Python havina sehemu kama hiyo. Kila mwandishi anajipangia namna yake ya kukwambia, wengine kwa ujumbe unaotokea baada ya hitilafu. Kuorodhesha vifurushi kwa jina na toleo si kazi ya ajabu. Ni kuandika tu nani mwingine yuko kwenye msafara.

Tumkabidhi mmoja ufunguo?

Baadhi ya wasomaji watasema: basi kuwe na mamlaka moja inayoweka saini kwenye kila plagini, na isiyo na saini isiingie. Mozilla walifanya hivyo kwa nyongeza za kivinjari chao cha Firefox. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei 2019, cheti kimoja katika mfumo huo wa saini kikaisha muda wake, na nyongeza za watu duniani kote zikazimika kwa pamoja. Hata kwenye Tor Browser, inayotumiwa na watu wanaohitaji kujificha mtandaoni, nyongeza ya ulinzi ya NoScript ikazimika. Yaani kufuli lenyewe ndilo lililomfungia nje mwenye nyumba.

Sipingi saini. Saini inathibitisha kwamba faili halikuchezewa njiani, na hilo ni jema. Lakini haithibitishi kwamba hesabu ya datamu ni sahihi, wala kwamba mwandishi wa jana ndiye wa leo.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni DHIS2, mfumo huria wa takwimu za afya uliokuzwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo. Unatumika Tanzania, na Kenya iliuweka kitaifa mtandaoni mwaka 2011. Nao una ghala la programu ndogo za watu wa nje. Tofauti na QGIS, muuguzi wa zahanati hawezi kujiwekea chochote. Msimamizi mwenye ruhusa ndiye anayeweka. Hiyo ni hatua mbele. Ila programu ndogo ikishawekwa, inafanya kazi kwa mamlaka ya aliyeifungua: akiifungua mtu mwenye ruhusa kubwa, nayo inakuwa na ruhusa kubwa. Udhibiti haujamalizika, umehamia kwa msimamizi. Na swali linamfuata hukohuko: kabla ya kuiweka, amepima nini?

Kupima bila kuwa mwandishi wa programu

Tarehe 29 Machi 2024, mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba ndani ya xz, kifaa huria cha kubana mafaili kilichomo karibu kila Linux, kulikuwa na mlango wa siri. Aliyeuweka, anayejiita Jia Tan, alikuwa amechangia kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa. Freund hakuupata kwa kukaa chini na kusoma msimbo wote. Aligundua kwamba kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida, akataka kujua kwa nini. Kwa kuwa programu ni huria, alikuwa na mahali pa kuchimba.

Mimi nachukua somo hilo: pima kinachotoka. Kusoma msimbo ni kwa wachache, lakini kulinganisha jibu la plagini na jibu unalolijua tayari, kila mwanafunzi anaweza. Na Goweko ina kipimo chake kizuri, nacho ni reli. Iko kwenye ramani ya 1:50,000, na inaonekana kwenye picha ya setilaiti. Plagini yoyote inayogusa kodineti, ipe kwanza faili dogo: kituo, kona mbili tatu za reli, na bikoni yenye kodineti rasmi kama unayo. Reli ya ramani ikilala juu ya reli ya picha, endelea. Ikilala pembeni mita 300, simama hapo hapo. Angalia tu usichanganye reli ya zamani ya mita na ile mpya ya SGR. Zoezi zima ni la dakika kumi na halihitaji kujua hata neno moja la Python. Kama huko kwenu hakuna reli, tafuta daraja, kanisa au msikiti wa zamani uliomo kwenye ramani zote mbili.

Mengine ni nidhamu ya maabara. Muwe na orodha moja: jina la plagini, toleo, nani kaipima, lini, na kwa data gani. Ukianza kuchambua data za tasnifu, usiguse kitufe cha kusasisha zote mpaka umalize. Ukilazimika, pima upya. Hifadhi faili la ZIP la toleo lililopimwa pamoja na alama yake ya SHA-256, ile herufi na namba ndefu zinazobadilika faili likiguswa hata kidogo. Tukienda field tunabeba plagini kwenye flashi anyway, maana huko mtandao ni wa kubahatisha na bando linaisha. Basi iwe ile iliyopimwa, na alama yake ilinganishwe kabla ya kuiweka.

QGIS inakuruhusu pia kutengeneza wasifu tofauti wa mtumiaji, kila mmoja na plagini zake. Tengeneza mmoja wa kazi nyeti wenye plagini chache mno. Wasifu haujengi ukuta, plagini bado itaweza kuona diski nzima, ila unapunguza idadi ya wageni ndani ya nyumba. Mafaili ya kaya na ya maeneo ya kale yakae kwenye diski ya nje iliyofungwa kwa nywila, isichomekwe wakati unajaribu plagini mpya. Na kwenye sura ya mbinu za utafiti, andika plagini na toleo lake. Tunataja darubini tuliyotumia na aina ya GPS. Plagini iliyotupa asilimia za msitu tunaificha kwa nini?

Upande wa ghala, madai yangu ni yale matatu: tangazo la mtandao na mafaili, orodha ya vifurushi vinavyotegemewa, na taarifa ya wazi plagini inapobadilisha mikono. Upande wetu kuna deni pia. Mwandishi wa plagini aliyeko Ulaya hataijua Arc 1960 kama hakuna mtu wa Tabora au Dodoma aliyemwandikia akimwonyesha pointi tatu zilizokosea. Kila plagini ya ghala rasmi ina mahali pa kuripoti hitilafu. Sisi tunapakua sana na kuripoti kidogo, na ripoti moja nzuri yenye data ya majaribio ni mchango halali kwa sayansi kuliko nyota tano.

Hukumu yangu basi: kwa uwazi, ghala la QGIS nalipa alama za juu. Kwa kuchuja wageni mlangoni, wastani mzuri. Kwa kumwambia mtumiaji anachokiingiza ndani, hafifu. Nitaendelea kulitumia, na ninawashauri wanafunzi wanaoanza walitumie, wakiwa na orodha yao na kipimo chao. Siku mpaka wa kijiji utakapobishaniwa Goweko, hakuna mzee atakayeuliza plagini ilikuwa na nyota ngapi. Atauliza ramani hii kaichora nani, na jina lililoandikwa chini ni la kwako.